Kuheshimu na Kuheshimiana: Malezi ya Uraia katika Shule za Msingi za Tanzania Bara tangu 1962

Utangulizi

Muhtasari wa somo la Uraia na Maadili kwa shule za msingi, uliotokana na mageuzi ya mtaala ya miaka ya 2015 na 2016, unataja mambo makuu sita ambayo mwanafunzi kuanzia Darasa la Tatu anatarajiwa kuyamudu: kuheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwa mwajibikaji, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutua kwenye kitenzi cha kwanza. Kilichoandikwa ni kuheshimu, si kuheshimiana. Tofauti ni ya kiambishi kimoja tu, lakini kiambishi hicho kinabeba mambo mengi. Katika kuheshimu yupo anayetoa heshima na yupo anayeipokea, na si lazima wabadilishane nafasi. Katika kuheshimiana kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea, na mmoja akiacha, tendo lenyewe huvunjika.

Huenda ikaonekana kuwa nauhukumu muhtasari kwa jambo la kisarufi ambalo waliouandika hawakulikusudia. Pingamizi hilo lina uzito, na ningelikubali endapo historia ya shule zetu za msingi isingeonyesha mwelekeo huohuo kwa zaidi ya miaka 60. Insha hii inadai kuwa shule ya msingi ya Tanzania Bara ilifanikiwa kwa kiwango kikubwa kuwalea watoto wa makabila, dini na rangi mbalimbali waheshimiane wao kwa wao, na kwamba mafanikio hayo yalitokana zaidi na namna shule ilivyopangwa kuliko somo lolote lililofundishwa ubaoni. Wakati huohuo, shule hiyohiyo iliuacha uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi katika heshima ya upande mmoja. Jambo hili si dogo. Kwa watoto walio wengi mwalimu ndiye mtumishi wa kwanza wa serikali wanayekutana naye kila siku, na namna anavyowatendea ndiyo picha yao ya kwanza ya mamlaka.

Mjadala unahusu Tanzania Bara pekee. Elimu ya Zanzibar ina historia yake, nayo haiwezi kuelezwa kwa kupachikwa pembeni mwa hii.

Shule tatu katika nchi moja

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikurithi mfumo mmoja wa elimu. Ilirithi mifumo mitatu: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja ikiwa na majengo yake, mitaala yake na mafungu yake ya fedha yasiyolingana hata kidogo. Ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na mgawanyiko mwingine, kwa kuwa nyingi ziliendeshwa na misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyezaliwa mahali ambapo shule pekee ilikuwa ya misheni alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa na gharama.

Kuanzia Januari 1962 sheria mpya ya elimu ilifuta ubaguzi wa rangi katika uandikishaji na kuunda mfumo mmoja. Katika kumbukumbu za taifa tukio hili hutajwa kwa sentensi moja, ilhali utekelezaji wake haukuwa mwepesi kama sentensi hiyo. Shule zilizokuwa za Wazungu na Waasia ziliruhusiwa kupokea mtoto yeyote aliyeweza kufuata masomo kwa lugha ya kufundishia ya shule husika. Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kilibaki, na kizingiti chenyewe kilikuwa lugha. Mtoto wa karani aliyejua Kiingereza alikivuka. Mtoto wa kuli wa bandarini hakukivuka. Kizingiti hicho kiliondoka kwa kiasi kikubwa baada ya 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma.

Upande wa dini ulichukua muda zaidi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya umiliki wa serikali, na uandikishaji kwa misingi ya dini ukakoma. Dini haikufukuzwa shuleni. Iliwekewa kipindi chake katika ratiba. Saa ya dini ilipofika, darasa liligawanyika: hawa kwa padri au mchungaji, wale kwa ustadhi. Kengele ilipolia, walirudi kwenye dawati lilelile na hesabu zilezile. Naamini kipindi hicho kimepuuzwa mno na wanahistoria wa elimu. Hakuna aliyemfundisha mtoto kwamba jirani yake anasali tofauti naye na bado ni mwenzake. Mtoto alimwona jirani huyo akiondoka na akamwona akirudi.

Mipangilio kama hiyo ilikuwa mingi: sare moja, gwaride moja asubuhi, zamu za kufagia na kudeki ambazo hazikuuliza mtu ni mwana wa nani, walimu wa kutoka mkoa mmoja waliopelekwa kufundisha mkoa mwingine. Matokeo yake yalipata kupimwa kwa namna isiyo ya moja kwa moja. Mchumi Edward Miguel, katika makala yake ya mwaka 2004, alilinganisha wilaya mbili za vijijini, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, na kuonyesha kuwa wingi wa makabila katika eneo ulidhoofisha michango ya wananchi kwa shule zao upande wa Busia, wakati upande wa Meatu haukuwa na athari ya namna hiyo. Yeye alihusisha tofauti hiyo na sera za ujenzi wa taifa, zikiwemo lugha na elimu. Ni kweli kuwa ulinganisho wa wilaya mbili hauwezi kubeba historia ya nchi mbili. Hata hivyo, waliopimwa walikuwa watu wazima wenye kutoa au kutotoa mchango kwa ajili ya madarasa ya watoto wa wengine, na wengi wao walikuwa na umri wa kuwa wamepitia madawati haya ninayoyazungumzia, au kuwapeleka wana wao huko.

Kilichoandikwa mwaka 1967

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo hukumbukwa kwa jembe, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kuwa jembe ni sehemu tu ya hoja yake. Nyerere alianza na hesabu. Wakati wa uhuru watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, wengi wao wakiishia Darasa la Nne. Mwaka 1967 idadi ilikuwa 825,000. Kati ya waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, asilimia 13 tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo shule ya msingi iliyomwandaa kila mtoto kwa ajili ya sekondari ilikuwa ikiwaandaa walio wengi kwa ajili ya kushindwa, na iliwafunza wachache waliofaulu kuwadharau wazazi wao.

Tatizo aliloliona, basi, lilikuwa la dharau. Alitaja misingi mitatu ya jamii iliyokusudiwa: usawa na heshima ya utu, kugawana kilichopatikana kwa juhudi za wote, na kila mtu kufanya kazi pasipo unyonyaji. Akaendelea kutaja sifa ambazo elimu inapaswa kuzijenga kwa kila raia: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kukubali au kukataa na kuyafanya yafae mazingira yake, na kujiamini kuwa mwanajamii huru aliye sawa na wenzake, anayewathamini wengine na kuthaminiwa nao kwa anachokifanya. Sifa hii ya tatu ni kuheshimiana kwa maana yake kamili. Waraka haukusema mwanafunzi ajifunze kuwathamini wakubwa. Ulisema athamini na athaminiwe, na ulitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule yao, likiwemo shamba: nini kipandwe, mapato yatumikeje, hasara imetokana na nini.

Hapa ndipo lugha ya taifa na lugha ya shule zilipoanza kwenda njia mbili. Katika mikutano ya TANU neno la kuitana lilikuwa ndugu, kwa waziri na kwa mkulima. Neno hilo lina usawa ndani yake, kwani nikikuita ndugu nawe huniita ndugu. Darasani salamu ilikuwa shikamoo. Kwa maelezo yanayokubalika na wengi, asili yake ni tamko la kushika miguu ya mkubwa, na jibu lake, marahaba, halirudishi kitu hichohicho. Sikusudii kuishutumu shikamoo. Ni adabu ya wakubwa na wadogo inayopendwa katika kila nyumba, na mkubwa anayeipokea kwa kawaida hubeba wajibu wa kumlea anayeitoa. Hoja yangu ni finyu zaidi: shule ya 1967 ilipewa kazi ya kufundisha mahusiano ya ndugu kwa kutumia adabu ya shikamoo peke yake, na haikupewa maelekezo ya namna ya kuziunganisha.

Litowa

Palikuwa na mahali ambapo muungano huo ulijaribiwa, tena kabla ya waraka. Mapema katika miaka ya 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, miongoni mwao Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa katika wilaya ya Songea. Kutoka hapo kilikua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho hadi mwisho wa muongo huo kilikuwa kimeunganisha vijiji zaidi ya kumi vilivyolima na kumiliki kwa pamoja. Litowa palijengwa shule kwa ajili ya watoto wa vijiji hivyo, na mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, aliandika mwaka 1968 maelezo ya jaribio hilo katika jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni.

Watoto waliishi shuleni, wakalima na kufuga, na wakawa na vikao vyao vya kupanga kazi. Walimu waliishi kama wanakijiji. Hawakuwa wageni waliosubiri uhamisho. Mtoto alimwona mwalimu wake akishika jembe lilelile na kukaa katika mkutano uleule wa kijiji ambamo mzazi asiyejua kusoma angeweza kumpinga na hoja yake ikasikilizwa. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kiini. Shule nyingi za baadaye ziliiga shamba la Litowa. Mkutano wa Litowa haukuigwa.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake, zikiwemo mashine ya kupasua mbao na ya kusaga, zilichukuliwa, na walimu wa Litowa wakatawanywa katika shule nyingine. Sababu za uamuzi huo zimejadiliwa na wengi na hazina nafasi hapa, isipokuwa kwa jambo moja. Vijiji vile vilizoea kuamua mambo yao na kuwaambia viongozi wa mkoa kile visichokitaka. Chama kilichotangaza kuwa watu wote ni ndugu hakikuweza kustahimili kuambiwa hapana na ndugu zake wa Ruvuma. Mtafiti wa elimu hawezi kulipita jambo hili haraka, kwa kuwa shule ya msingi haikuwa kisiwa. Mwalimu aliyeona yaliyowapata wenzake wa Litowa alijifunza somo la uraia ambalo halikuwa katika muhtasari wowote.

Wingi wa watoto

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwishafutwa mwaka 1973, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa zaidi ya milioni 3. Kwa kuwa vyuo vya ualimu visingeweza kutosheleza mahitaji, vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Ndio walioitwa walimu wa UPE, jina ambalo baadaye lilitumiwa kwa kejeli wasiyostahili. Bila wao mamilioni ya watoto wasingejua kusoma.

Hata hivyo, ni lazima kutazama walichokabidhiwa. Kijana wa miaka 17 au 18 alisimama mbele ya umati wa watoto, baadhi wakikaribia umri wake, akiwa na kitabu kimoja kilichozungukwa na vichwa kadhaa. Mamlaka yake hayakutokana na elimu aliyowazidi kwa mbali, wala umri. Yalitokana na fimbo. Sitaki kudai kuwa fimbo ilianzia hapo. Shule ya kikoloni ilichapa, na nyumba nyingi zilichapa. Ninachodai ni kuwa upanuzi wa 1974 hadi 1978, uliokuwa tendo kubwa la usawa, uliifanya fimbo kuwa chombo cha kawaida cha kuendeshea darasa wakati uleule ambapo somo la Siasa lilifundisha utu na usawa. Mwanafunzi aliweza kujibu kwa usahihi swali la mtihani juu ya misingi ya Azimio la Arusha na mchana akatumwa kuni nyumbani kwa mwalimu.

Shamba nalo lilibadilika tabia. Pale ambapo wanafunzi hawakushirikishwa katika kupanga wala kuonyeshwa mapato, halikuwa tena darasa la kuamua pamoja. Likawa kazi ya kulazimishwa, na baya zaidi likawa adhabu. Aliyechelewa alipewa matuta. Sijui njia fupi zaidi ya kumfundisha mtoto kuidharau kazi ya mzazi wake kuliko kuifanya kazi hiyo kuwa malipo ya kosa.

Siasa, Uraia, Maadili

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Siasa ilitoweka kwenye ratiba na Uraia ukachukua nafasi yake. Maudhui yalihama kutoka chama kwenda Katiba, haki na wajibu, ngazi za serikali na uchaguzi. Mageuzi ya 1997 yaliuunganisha Uraia na Historia na Jiografia kuwa Maarifa ya Jamii. Ya 2005 yakautenga tena. Ya 2015 na 2016 yakauongezea Maadili. Na katika mageuzi ya 2023 likaja somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Katika kipindi cha takriban miaka 30 jina limebadilika mara nyingi, na kila badiliko liliambatana na malalamiko kuwa maadili ya vijana yanaporomoka. Mtu anayesoma mihtasari hii kwa mfululizo hupata hisia kwamba taifa limekuwa likitafuta somo lililo sahihi, kana kwamba tatizo lilikuwa jina la somo.

Mimi ni mmoja wa waliosoma Maarifa ya Jamii. Katika shule yangu, miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, tulikuwa na viranja walioteuliwa na mwalimu wa zamu, nao walikuwa na kazi moja kubwa: kuandika majina ya wapiga kelele. Tulijifunza kwamba viongozi huchaguliwa na wananchi, na tulijifunza hilo kutoka kitabuni, katika darasa ambalo halikuwahi kuchagua hata mfuta ubao. Sikumbuki yeyote kati yetu aliyeliona jambo hili kuwa la ajabu. Nakumbuka pia kwamba katika miaka yote saba sikuwahi kumsikia mwenzangu akitukanwa kwa kabila lake. Kumbukumbu hizi mbili hazipingani, na tafsiri yoyote ya historia ya shule hizi inayoichukua moja na kuiacha nyingine itakuwa pungufu.

Kuhusu fimbo, serikali haikukaa kimya kabisa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko 4 kwa kosa, zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na zinataka mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Wapo wanaozitazama kanuni hizi kama kibali cha kuchapa, nao hawajakosea. Lakini zinaweza pia kusomwa kama kukiri kwamba mwalimu naye anadaiwa kitu mbele ya mtoto: kipimo, sababu na kumbukumbu. Kwa lugha ya insha hii, ni hatua ndogo na ya shingo upande kutoka kuheshimu kuelekea kuheshimiana.

Kipengele cha kumbukumbu ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria. Kanuni zinataka kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyeadhibu, kisha mkuu wa shule atie saini. Katika shule niliyosoma sikuwahi kukiona kitabu hicho. Mahali kilipo, kimekuwa nyaraka ya umma inayoeleza, siku kwa siku, shule ilichokihesabu kuwa utovu wa heshima. Hakina safu ya maelezo ya mwanafunzi.